Kabla Hujaipeleka Bahasha Kariakoo Kununua Saundi Kadi



Jumapili moja mchana nilikuwa nimejinyoosha kochini, ubwabwa umekaa vizuri tumboni, nasubiri usingizi, mara nikasikia hodi. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yule anayeendesha bodaboda. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia marahaba, na kabla sijamuuliza habari za nyumbani akachomoa mfukoni bahasha ya kaki akaiweka mezani. Mlikuwa na shilingi laki tatu na nusu. Fedha hizo alikuwa amezidunduliza kwa miezi saba, elfu moja leo, elfu tatu kesho, na kesho yake asubuhi alikusudia kuzipeleka Kariakoo akanunue saundi kadi, aanze kurekodi nyimbo zake chumbani kwake badala ya kulipia studio za watu.

Kwa nini alipitia kwangu? Kwa sababu anajua mjomba wake anazungumza mbele ya maikrofoni kila juma, na machoni pa vijana mtu wa redio ni fundi wa kila kitu chenye waya. Mimi si fundi. Lakini juu ya kisanduku hiki nina kovu langu, nitalieleza, na kwa ajili ya kovu hilo nimesoma na kuuliza kuliko ilivyo kawaida kwa mtu wa umri wangu. Nikamwambia arudishe bahasha mfukoni, akae, tunywe chai. Mazungumzo yetu ya siku ile ndiyo ninayokuletea leo, maana najua wapo vijana wengi, na wazazi wao, wenye bahasha kama ile.

Kwanza tukielewe chombo chenyewe. Hii wanayoiita saundi kadi ya nje ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya maiki na kompyuta. Sauti ya mtu ni mtikisiko wa hewa. Maiki huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, lakini umeme mdogo mno, sehemu ndogo sana ya volti moja. Kisanduku kinaukuza umeme ule, kisha kinaupima maelfu ya mara kwa kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa namba, kwa sababu kompyuta haijui lugha nyingine isipokuwa namba. Unapotaka kusikiliza, kinafanya kinyume chake: namba zinarudi kuwa umeme, umeme unakwenda kwenye hedifoni au spika. Kazi yake ndiyo hiyo tu.

Utaniuliza, je, kompyuta haina tundu lake la maiki? Nyingi zinalo. Lakini lile limewekwa kwa ajili ya mazungumzo, na vyombo vyake vimebanana humo ndani na feni na mitambo mingine inayotoa makelele ya umeme. Ukiimba kupitia hapo utasikika, ila utasikika pamoja na kompyuta yenyewe ikilalamika.

Sisi tuliokula chumvi kidogo tunakumbuka zama ambazo bendi ikitaka kurekodi ilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote wakapiga kwa pamoja huku utepe ukizunguka, na mmoja akikosea vibaya, wimbo unaanza upya. Leo kijana anaimba peke yake usiku wa manane, anarudia mstari mmoja mara ishirini, na hakuna wa kumnunia. Ni neema kubwa. Lakini neema hii inauzwa dukani, na dukani kuna maneno mengi.

Mpwa wangu alitoa simu akanionyesha picha ya kile alichokipenda. Kisanduku kinawaka taa za rangi kama ukumbi wa harusi, kina vitufe chungu nzima, kimoja ukikibonyeza kinatoa makofi, kingine kicheko. Aina hii huuzwa kwa jina la V8, mara nyingi pamoja na maiki iitwayo BM-800, mkono wake wa kuishikia na sponji yake, kwa bei inayomfanya mnunuzi aone ameokota embe dodo chini ya mnazi.

"Mjomba, hiki kina kila kitu."

"Ndiyo, mjomba," nikamjibu, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "kina kila kitu isipokuwa unachokitafuta."

Sikisemi vibaya chombo hicho. Kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaopiga soga moja kwa moja kwenye simu na watazamaji wao, na kwa kazi hiyo makofi na kicheko vina maana. Lakini kwa kawaida hupokea maiki kwa tundu dogo kama lile la hedifoni, na kukuza sauti bila makelele si jambo lililopewa uzito. Anayetaka kurekodi wimbo utakaosikilizwa miaka kumi ijayo hana haja na taa. Ana haja na tundu kubwa la maiki, lile la pini tatu liitwalo XLR, na kitufe kilichoandikwa 48V. Volti hizo 48 ndizo zinazoiamsha maiki ya kondensa, ile nyepesi kusikia inayopendwa studio. Maiki ya kawaida ya jukwaani, kama Shure SM58 ambayo dunia imekuwa ikiitumia tangu mwaka 1966, haihitaji volti hizo.

Tukaja kwenye namba. Maboksi mengi yameandikwa kwa herufi nene biti 24 na kilohezi 192, na muuzaji atakupigia hesabu ya haraka: 192 ni kubwa kuliko 48, kwa hiyo hiki ni bora. Tafadhali usiikubali hesabu hiyo. Ile namba ya pili inaeleza kisanduku kinapima mara ngapi kwa sekunde. Sidii za muziki, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zinatumia vipimo 44,100 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa barabarani. Sikio la binadamu mwenye afya njema husikia hadi mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde, na wanahesabu walikwisha kuthibitisha kwamba ukipima zaidi ya mara mbili ya mtikisiko wa juu kabisa unaoutaka, sauti yote inapatikana bila kupungua. Kwa hiyo 44,100 inatosha, na 48,000 inayotumika kwenye filamu na video inatosha na kubaki. Ukirekodi kwa 192,000 utakachopata kwa hakika ni diski kujaa kwa kasi zaidi ya mara nne. Popo labda atafaidi.

Biti ni habari nyingine. (Hii si ile biti ya prodyuza.) Hii ni idadi ya ngazi ambazo kipimo kinaweza kusimama juu yake. Biti 16 zinakupa ngazi 65,536. Biti 24 zinakupa zaidi ya milioni 16. Faida yake kwa mtu wa nyumbani ni kwamba unaweza kurekodi kwa sauti ya chini, ukajiachia nafasi ya kutosha juu, halafu ukaipandisha baadaye bila kuokota uchafu. Hii nafasi ya juu ndiyo iliyoniletea lile kovu.

Mwaka 2014 nilitaka kurekodi mazungumzo na baba yangu mdogo, ambaye katika miaka ya 1970 alipiga gita katika bendi ya dansi. Mzee alikuwa na hadithi za safari, za wapenzi, za nyimbo zilizotungwa ndani ya basi, na gita lake alikuwa bado analo. Nikanunua kisanduku cha bei rahisi katika duka moja mjini. Muuzaji aliapa kwa jina la mama yake. Nikaazima maiki ya jukwaani. Mzee sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa ndogo. Nikazungusha kitufe cha kupandisha sauti, bado anasikika kwa mbali. Nikazungusha hadi mwisho. Sasa akasikika, lakini nyuma yake kulikuwa na mvumo kama mvua juu ya bati. Nikajiambia tutausafisha baadaye. Kisha akanogewa, akalishika gita, akalipiga kama alivyolipiga ujanani, na zile taa za kisanduku zikawa nyekundu tupu. Mimi nilikuwa namtazama yeye, sikuzitazama taa.

Yule mzee alifariki mwaka uliofuata. Rekodi ninayo, saa mbili kasoro. Panapozungumzwa pana mvua, panapopigwa gita pana mkwaruzo kama wa spika iliyopasuka. Nimempelekea fundi mmoja, kisha mwingine. Mvumo wakaupunguza, ingawa sauti ya mzee sasa inatoka kama mtu aliyemo ndani ya tangi la maji. Mkwaruzo umewashinda, na sababu yake ni rahisi kuielewa ukishaelezwa. Sauti inapozidi ngazi ya juu kabisa, kisanduku hakina namba ya kuiandikia. Kinaandika ile ile ya juu, tena na tena, mpaka sauti ishuke. Kilele cha mtikisiko kinakatwa kama unavyokata kichwa cha muhogo, na kile kilichokatwa hakikuandikwa popote. Hakuna fundi wa kurudisha namba ambazo hazikuandikwa.

Kwa hiyo nikamwambia mpwa wangu: jambo la kwanza unalolipia katika kisanduku ni uwezo wa kukuza sauti ndogo bila kuleta mvua ile. Uwezo huu hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 20 ni kuzidisha umeme mara kumi, hivyo 60 ni mara elfu moja. Zipo maiki nzito kusikia, mfano Shure SM7B inayopendwa na watangazaji, ambazo huhitaji desibeli kama 60. Kisanduku maarufu cha Focusrite, Scarlett 2i2, katika toleo lake la tatu kilikuwa na 56. Toleo la nne lililotoka mwaka 2023 likapanda hadi 69. Hiyo ndiyo namba ya kuitafuta kwenye karatasi ya maelezo, na aghalabu imefichwa chini kabisa.

Lakini karatasi na isemwe, sikio ndilo liamue. Nenda dukani na maiki yako na hedifoni yako. Omba kisanduku kiunganishwe. Zungumza kwa sauti ya kawaida ukiwa umbali wa shubiri moja, zungusha kitufe hadi usikike vizuri, kisha nyamaza kimya. Kama katika ukimya ule unasikia mvua, mrudishie mwenyewe. Muuzaji akikataa usijaribu, hapo umekwisha kupata jibu. Na ukishakinunua, kabla ya kurekodi imba ile sehemu unayopaza sauti kuliko zote, uweke kitufe mahali ambapo vilele vinagota karibu na desibeli 12 chini ya mwisho. Utaona ni chini mno. Acha hivyo hivyo.

Jambo la pili ni kuchelewa kwa sauti, na hapa ndipo wengi hudhani wamerogwa. Unavaa hedifoni, unaimba, na sauti yako inakurudia baada ya wewe kuimba, kama mwangwi wa bondeni. Huwezi kushika mapigo. Chanzo chake ni kwamba kompyuta haipokei namba moja moja, inazikusanya kwa mafungu. Fikiria daladala inayosubiri kujaa kituoni. Ukiipangia abiria 1,024, kwa vipimo 44,100 kwa sekunde itajaa baada ya sehemu 23 za elfu ya sekunde. Na kwa kuwa kuna safari ya kwenda na ya kurudi, ni 46. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo ni sawasawa na kujisikiliza kwa spika iliyo karibu mita 16 kutoka ulipo. Ukipanga abiria 128, kwenda na kurudi ni kama 6 tu, mita mbili, umbali wa mpiga gita na spika yake, na hakuna anayelalamika. Tatizo ni kwamba daladala ndogo hufanya safari nyingi, na kompyuta dhaifu ikichoka huanza kuangusha abiria njiani, ndiyo ile mikatiko unayosikia: tak, tak, tak.

Anayeamua kama daladala ndogo itakwenda salama ni ile programu ya kuendeshea kisanduku, draiva. Kwenye kompyuta za Windows tafuta kisanduku ambacho mtengenezaji wake ametoa draiva yake mwenyewe ya mtindo wa ASIO, utaratibu ulioletwa na kampuni ya Steinberg. Behringer UMC22, kwa mfano, ni kisanduku cha bei ya chini kinachofanya kazi, lakini hakina draiva yake ya namna hiyo, hutumia ile ya bure ya kila chombo iitwayo ASIO4ALL. Ndugu yake UMC202HD anayo yake, na ana matundu mawili. Kompyuta za Apple zina utaratibu wao ndani na huko shida ni ndogo. Na popote ulipo, hakikisha kisanduku kina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, kinachokupelekea sauti yako hedifoni kabla haijapanda daladala. Hutasikia mwangwi wa kupendeza ukijisikiliza hivyo, lakini utaimba kwa wakati.

Je, matundu mangapi? Mwimbaji peke yake, moja. Anayeimba huku anapiga gita, mawili. Mpwa wangu alitaka mashine ya kuchanganyia sauti yenye njia nane, kwa sababu inajaza meza na wenzake wataiona. Nikamweleza kwamba nyingi za bei ya chini zenye waya wa USB hupeleka kwenye kompyuta njia mbili tu, zote nane zikiwa zimekwisha kuchanganywa. Utakuwa umelipia nane upate mbili, na ukikosea kuchanganya hakuna kurudi.

Kuna kitu ambacho magazeti ya ughaibuni huwa hayakitaji. Kisanduku kinachokula umeme kwa waya ule ule wa USB, bila chaja ya ukutani, kinaishi kwa betri ya laptopu. Umeme ukikatika katikati ya ubeti, unaendelea kuimba. Tena siku nyingine chomoa chaja ya laptopu kwa makusudi, maana umeme wetu wa ukutani, volti 230, unatikisika mara 50 kwa sekunde, na mtikisiko huo hupenda kujipenyeza kwenye waya za maiki ukaacha mngurumo wa chini chini kama friji.

Kwa upande wa mtumba, visanduku vizuri vipo, lakini angalia mambo mawili. Waya wake usiwe wa FireWire, kwa sababu laptopu za siku hizi hazina tundu hilo; ndiyo maana vinauzwa kwa bei ya karanga. Na kabla ya kutoa fedha, tazama kwenye intaneti kama mtengenezaji bado anatoa draiva kwa kompyuta uliyo nayo. Kisanduku kisicho na draiva ni kizuizi cha mlango.

Bei, basi. Huko vinakotoka, UMC22 na M-Track Solo ya M-Audio huwa chini ya dola 100. Scarlett Solo, Audient EVO 4, Scarlett 2i2 na MOTU M2 viko kati ya dola 100 na 200 na ushei. Hapa kwetu ongeza usafiri, ushuru na tumbo la muuzaji. Mimi sikumshauri mpwa wangu amalize bahasha yote kwenye kisanduku. Nilimwambia abakize fedha ya waya imara wa XLR, wa mita tatu, na hedifoni za kuziba masikio ili mdundo usivuje ukaingia kwenye maiki. Godoro analo tayari. Alisimamishe nyuma yake anapoimba, na atundike mablanketi, maana chumba cha kuta tupu huirudisha sauti, na kisanduku kitaurekodi mrudisho huo kwa uaminifu wote.

Aliondoka jioni na bahasha yake. Alhamisi akarudi na kisanduku cha matundu mawili, cheusi, hakina taa za harusi. Alikuwa amefukuzwa katika duka moja na kukaribishwa kujaribu katika la pili. Maiki ameazima kwa mwalimu wa kwaya. Nikavaa hedifoni, akazungusha kitufe, sote tukanyamaza. Nilisikia saa ya ukutani. Mvua haikuwapo.

Mama yangu, ambaye ni bibi yake, anazijua nyimbo za kubembelezea watoto ambazo alizikuta kwa mama yake, na hakuna mwingine katika ukoo wetu anayezijua zote. Tumekubaliana kwenda kwake Jumamosi asubuhi, kabla watoto wa jirani hawajaamka. Mpwa atashika vitufe. Mimi safari hii nitakaa upande wa taa.